Mti Kwanza, Dukani Baadaye: Namna ya Kuchagua Vifungio vya Machela

Machela ya zamani haikufungwa mtini. Ilikuwa kitambaa kizito, au wavu wa kamba, ulioning'inizwa kwenye mpiko mrefu. Ncha za mpiko zilikaa mabegani mwa wapagazi, na mgonjwa au mkubwa wa msafara alilala katikati. Wapagazi walijua uzito wa mtu wao. Bega likiuma, wenzao walipokea. Machela ya leo ya kwendea kambini, ile ya nailoni inayokunjwa ikaenea kwenye kifuko cha ukubwa wa embe dodo, imewaachisha kazi wapagazi na kuweka miti miwili mahali pao. Mti haulalamiki. Kamba nayo hailalamiki, mpaka ikatike.

Hata hivyo, anayejiandaa kwenda kulala msituni kwa mara ya kwanza hutumia jioni nzima akichagua rangi ya kitambaa, chandarua na turubai la mvua. Vifungio huvinunua mkesha wa safari, kwenye hardware yoyote iliyo karibu na stendi, kwa kuuliza kamba ipi ni ngumu. Swali hilo si baya, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: atalala kati ya miti gani?

Lakini kabla ya miti kuna hesabu moja ambayo haikwepeki, nayo ni ya pembe. Chukua mtu wa kilo 80. Kamba zake zikishuka kutoka mtini kwa digrii 30 chini ya usawa, kila upande unavutwa kwa nguvu ya kilo 80, yaani uzito wake wote. Wengi hudhani kila kamba inabeba nusu, kilo 40. Ingekuwa hivyo kama zingeshuka wima, kama za bembea ya watoto. Akizikaza mpaka digrii 15, kila upande unabeba kilo 155. Kwenye digrii 10 ni kilo 230. Akifika digrii 5, machela imenyooka kama waya wa umeme, mvuto unapita kilo 450 kila upande, na mtu ni yuleyule, hajaongeza hata sahani ya pilau.

Ndiyo maana anayekaza sana kwa kuogopa kuzama ndiye anayeishia chini. Tena hapati hata raha aliyoitafuta, kwa sababu machela iliyokazwa humbana mabega kama kanga iliyoviringwa. Iliyoachwa ipinde kama ndizi humruhusu kulala mshazari, kichwa kikiwa upande huu kidogo na miguu upande ule, na hapo ndipo mgongo unaponyooka.

Digrii 30 hazihitaji kifaa. Mkono hutosha: kidole gumba kinyooshwe juu kwa upande wa mti, cha shahada kinyooshwe mbele kwa usawa kuelekea machela. Kamba ikipita kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya shahada, pembe iko karibu sana na inayotakiwa. Ikiwa juu zaidi ya shahada na karibu kulala, ilegezwe.

Mvuto huo, tena, hauelekei chini peke yake. Kwenye pembe nzuri ya digrii 30, mtu wa kilo 80 bado anavuta kila mti kwa upande kwa karibu kilo 70. Mti wenye mizizi unacheka. Nguzo ya matofali haicheki. Mwezi Juni 2020, katika jimbo la Ohio huko Marekani, wasichana wawili wa familia moja walifariki baada ya nguzo ya matofali iliyofungiwa machela kuwaangukia. Nguzo za matofali hujengwa zibebe uzito unaokuja kutoka juu, si zivutwe ubavuni, na plasta nzuri iliyopakwa rangi haimwonyeshi mtu kama ndani mna nondo au hamna. Varanda, nguzo za geti na kuta za uzio zitolewe kwenye hesabu kabisa, hata kwa majaribio ya nyumbani.

Sasa miti. Unaofaa ni mti ulio hai, usioegemea, wenye kipenyo kisichopungua sentimita 15, na usio na tawi lililokauka juu ya kichwa cha mlalaji. Sharti hili la mwisho huwaangusha watahiniwa wengi. Mkaratusi, kwa mfano, hupendeza kwa shina lake lililonyooka na nafasi zake zinazolingana kwenye mashamba ya kupandwa, lakini una tabia ya kudondosha matawi mazito bila upepo wowote. Mwembe mkubwa una kivuli cha kumwalika mtu, ila mara nyingi shina lake ni fupi na nene, na mwenzake yuko mbali. Mvinje wa ufukweni ni rafiki mzuri zaidi, kwa kuwa hupandwa kwa safu, na shina lake si nene sana kwa mkanda wa kawaida. Mgunga wa manjano wa kandokando ya Ziwa Naivasha ni mti imara, lakini huko anayechagua miti achague na njia pia, maana viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na hawazunguki machela ya mtu. Kambi nyingi za pale zimezungushiwa uzio wa umeme kwa sababu hiyo, na mahali pa kulala ni ndani ya uzio.

Mnazi unahitaji aya yake. Picha ya machela kati ya minazi miwili, bahari nyuma, imeuza vyumba vingi vya hoteli, na kila anayeshuka Diani au Pangani na machela mgongoni anaitafuta picha hiyo. Kinachokosekana pichani ni nazi. Iliyokomaa ina uzito wa kilo moja na zaidi, na huanguka yenyewe kutoka urefu wa ghorofa kadhaa. Kijana wa bara akimwamkia mzee wa shamba, "Shikamoo babu, naweza kufunga hapa?", jibu atakalopewa ni la upole lenye ncha: "Marahaba mjukuu wangu. Funga, lakini mwite kwanza mkwezi aziangue zilizo juu." Lipo na jambo la pili, ambalo wengi hawalijui. Mnazi haufanani na mwembe kwa ndani. Hauna lile tabaka laini chini ya gome linalojenga ngozi mpya, kwa hiyo jeraha lake halizibi. Ushahidi uko shinani: vidato walivyokata wakwezi (vile vilivyoazimwa na shule vikawa Kidato cha Kwanza mpaka cha Sita) hubaki hapo maisha yote ya mti. Kamba nyembamba ikisugua usiku kucha huacha alama ya aina hiyo hiyo, na makali ya kidato nayo huisaga kamba. Mkanda mpana, uliofungwa katikati ya vidato na si juu ya ukingo wake, huokoa pande zote mbili.

Upana ndio kanuni ya kwanza ya kifungio kinachogusa mti wowote: sentimita 2.5 ni kiwango cha chini, na kwa miti yenye gome laini sentimita 5 si anasa. Kamba ya mviringo iishie kwenye mkanda, isiguse gome.

Kisha urefu, na hapa vipimo vya wazee vinafanya kazi vizuri kuliko futi ya chuma, kwa sababu mtu hutembea navyo. Pima moja, mikono ikiwa imenyooshwa pande zote, ni karibu mita 1.8 kwa mtu mzima. Mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni karibu sentimita 45. Machela ya kawaida ya mtu mmoja, yenye kitambaa cha mita 3.3, hukaa vizuri kati ya miti iliyoachana pima mbili na nusu. Hapo mikanda hufungwa pima moja kutoka chini, kama kimo cha mtu mrefu, na mahali pa kukalia hubaki mkono mmoja juu ya ardhi, sawa na kiti. Juu ya hapo kusipandwe. Kuanguka kutoka mkono mmoja ni kicheko na vumbi; kuanguka kutoka pima moja ni hospitali.

Miti ikiachana mita 6, mkanda unatakiwa upande mpaka mita 2.3 hivi ili pembe ibaki digrii 30, na mwenye machela ataanza kutafuta jiwe la kukanyagia. Mkanda wenyewe nao unaliwa haraka. Kwa miti miembamba ya sentimita 25 iliyoachana pima mbili na nusu, kila upande unataka karibu mita 1.8: sentimita 80 za kuzunguka shina na mita moja ya kushuka. Kwa migunga ya kipenyo cha sentimita 60 iliyoachana mita 6, kuzunguka peke yake ni mita 1.9 na kushuka ni mita 1.9 nyingine, jumla mita 3.8 kwa upande mmoja. Kamba fupi zinazofungashwa pamoja na machela za bei nafuu hazifiki popote hapo. Kwa hiyo anayelala kwenye msitu wa miti ya kupandwa anunue mikanda ya mita 2.5 na aridhike. Anayezunguka nchi yenye migunga na mikuyu aanzie mita 4. Mbuyu aupige picha.

Kuhusu malighafi, katani ianze kwa heshima. Tangu mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alipoingiza miche Tanganyika na kubakiwa na 62 tu iliyo hai, zao hilo limejenga miji na reli. Lakini kamba ya katani hunywa maji, huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima, na hukwaruza gome. Ifungie mbuzi. Ile kamba ya buluu au manjano ambayo madukani huitwa "manila" si manila kamwe, kwa kuwa manila halisi ni nyuzi za mmea wa abaka wa Ufilipino na hii ni plastiki ya polipropilini. Ni nafuu na haizami majini, jambo linalowafaa wavuvi. Kwa machela ina kasoro mbili: ni telezi, fundo hujilegeza lenyewe, na jua la ikweta huila mpaka ikawa inatoa vumbi mkononi.

Nailoni ndiyo inayowahadaa wengi, kwa sababu ni ngumu kweli. Haikatiki ovyo. Inavutika, na ikilowa inavutika zaidi. Mtu analala saa tatu usiku akiwa mkono mmoja juu ya ardhi, mvua inapiga, na saa tisa anaamka makalio yakiwa kwenye nyasi zilizolowa, kamba zote mbili zikiwa nzima kabisa. Anaamini fundo limeteleza. Fundo liko palepale lilipokuwa; kamba ndiyo imerefuka.

Kinachofaa ni mkanda wa poliesta, na kwa bahati nzuri hauhitaji kuagizwa ng'ambo. Ndiyo mikanda ya kufungia mizigo kwenye malori, na iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya hushonewa kibandiko chenye rangi inayotaja malighafi: buluu ni poliesta, kijani ni nailoni, kahawia ni polipropilini. Juu yake huandikwa LC na tarakimu yenye kipimo cha daN. DaN moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Mwenye kujua kusoma kibandiko hicho anaweza kusimama mbele ya rundo la mikanda kwa muuza vipuri na kuchagua kwa dakika mbili, bila kuuliza ipi ni ngumu. Ile spana ya kukazia haina kazi hapa na ni nzito, ivuliwe. Kilichobaki ni kitanzi cha upande mmoja, na fundi wa maturubai ana cherehani na uzi wa poliesta wa kazi hiyo. Ashone mraba wenye msalaba ndani, mkanda ukiwa umerudishwa nyuma shibiri nzima, na kwa uzi wa rangi tofauti ili mshono ukianza kukatika uonekane. Asiye na fundi afunge fundo la kitanzi. Fundo hupunguza nguvu ya mkanda karibu nusu, lakini mkanda unaokatika kwa kilo 1,000 hubaki na 500, na hizo zinatosha pembe ikiwa sahihi. Mikanda ya viti vya gari la zamani nayo ni poliesta, mipana tena, ila iliyochakaa kingo au kupauka kwa jua isilalie mtu.

Baada ya mkanda ndipo linakuja swali ambalo wauzaji hupenda kulianza: machela iunganishwe vipi na mkanda huo?

Njia rahisi ni mkanda wenye vitanzi vingi vilivyoshonwa kwa mfululizo, mithili ya ngazi. Karabina, ile pete yenye kilango kinachojifunga, inatumbukizwa kwenye kitanzi chochote, basi. Hata mtoto wa darasa la tatu ataweza gizani. Kasoro yake ni kwamba vitanzi vimeachana, na mara nyingine pembe nzuri iko katikati ya kitanzi cha tano na cha sita, pasipo na kitu. Jozi moja hufika gramu 300 hivi. Kwa anayefika kambini kwa gari, uzito huo si hoja, na hakuna sababu ya kutafuta kitu kingine.

Anayehama kila siku, leo msituni kesho ufukweni, atafurahia zaidi bizimu: chuma kidogo chenye meno au pete mbili, kinachokaa mwisho wa machela na kupitisha mkanda kama mikanda ya begi la mgongoni. Anavuta, unakaza, anainua, unalegea, sentimita kwa sentimita. Hapa pana tahadhari moja isiyo na mjadala. Mkanda mpya wa poliesta ni laini, na ukilowa unaweza kupenya taratibu kwenye bizimu. Kila baada ya kurekebisha, ncha iliyobaki ifungwe fundo la kuponyoka mbele tu ya bizimu. Linachukua sekunde tatu, na asubuhi hufunguka kwa kuvuta mara moja.

Ya tatu ni ile ambayo wapanda milima huizungumza kama watu wa pwani wanavyozungumza majahazi. Wanaiita wupi. Ni kamba ya nyuzi za polietilini maalumu, zile zinazouzwa kwa jina la Dyneema, yenye unene wa milimita 3 hivi, nyembamba kuliko penseli, na bado hustahimili karibu kilo 700. Imesukwa ikiwa na uwazi katikati, na ncha yake imerudishwa ndani ya tumbo lake yenyewe. Ikivutwa, sehemu ya nje huibana ya ndani kama soksi yenye mpira inavyobana mguu, na kitanzi hakirefuki tena. Hakuna chuma, hakuna fundo. Jozi nzima huingia kwenye kiganja. Ila ina masharti ya bibi harusi. Haipungui chini ya karibu robo mita, hivyo miti iliyokaribiana sana huishinda. Haikubali mafundo ya kawaida, kwa kuwa ni telezi mno. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 145 hivi, kwa hiyo cheche ya moto wa kambi ni adui. Isiguse mti kamwe. Wembamba wake hukata gome, na bado inahitaji mkanda wa poliesta mbele yake. Kwa anayepanda Meru au Aberdare na begi la kupimwa gramu kwa gramu, inafaa. Kwa aliyeanza mwezi uliopita, ni fedha iliyotangulia ujuzi.

Karabina ni jambo dogo linaloua. Zile za rangirangi zinazoning'inia kwenye funguo zimeandikwa, kwa herufi ndogo, kwamba si za kupandia. Mwandishi wa herufi hizo aaminiwe. Ya kweli ina maandishi yaliyochongwa ubavuni yenye alama kN. Ikisomeka 22 kN, inastahimili zaidi ya tani mbili.

Kipo kitu kimoja kisichotajwa dukani, na bei yake ni ya soda chache: kamba ya juu inayounganisha ncha mbili za machela yenyewe. Urefu wake uwe asilimia 83 ya urefu wa kitambaa. Kwa machela ya mita 3.3 ni mita 2.74. Kazi yake ni kuhakikisha kitambaa kinapinda kiasi kilekile kila usiku, hata miti ikiwa mbali au karibu kuliko jana. Pia ni kipimo. Mtu akishalala, aiminye kwa vidole viwili. Ikibonyea kidogo, mikanda iko sawa. Ikilia kama uzi wa gambusi, imekazwa kupita kiasi, na hesabu ile ya kilo 230 imeanza kutembea. Chandarua hutundikwa hapo hapo.

Mvua, yenyewe, hutumia vifungio kama mfereji. Maji hushuka shinani, hufuata mkanda na kuingia kitandani bila kubisha hodi, hata turubai likiwa zima. Kipande cha uzi wa pamba cha shibiri moja, kikifungwa kwenye mkanda chini ya turubai na kuachwa kining'inie, huyapokea maji na kuyadondosha chini. Siafu hutumia barabara hiyo hiyo na hakuna uzi unaowapunguza mwendo. Dawa yao ni tochi kabla ya giza, kumulika tako la kila mti na kuhama msafara wao ukionekana.

Usiku wa kwanza uwe karibu na nyumba, kati ya miti na si nguzo. Mtu akae kwanza, makalio katikati, miguu ikiwa bado chini, ahamishe uzito polepole na kusubiri dakika tano huku akitazama mafundo. Kisha ndipo alale. Mikanda iliyokaa ufukweni wiki nzima ioshwe kwa maji baridi kuondoa chumvi na mchanga, ianikwe kivulini, na kabla ya kukunjwa ipitishwe vidoleni kutoka ncha hadi ncha. Penye ukakasi wa nyuzi zilizokatika, mkanda ukatwe hapo hapo, na kipande kilichobaki kigeuzwe kamba ya kuanikia nguo.